Mita ya Zahanati Yasoma Sifuri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakufika na kwa hiyo ninamwakilisha mimi mwenyewe. Wakuu wa idara, makaimu wao na wanaowakaimu makaimu. Kamati yangu ya maandalizi, na kamati ndogo iliyoiandaa kamati hiyo. Mama muuguzi mkuu wa zahanati hii. Ninyi akina mama mlioketi na watoto mapajani. Na wananchi kwa ujumla wenu: asiyetajwa ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtoto analia.)

Awali ya yote, naomba hiyo jenereta ya kipaza sauti isogezwe nyuma ya choo, maana nikisema nayo inasema. (Inasogezwa.) Ahsanteni.

Ndugu zangu, leo tunaandika historia, na kalamu nimeishika mimi. Mpango Shirikishi wa Tathmini ya Ufanisi wa Nishati na Utoaji Vyeti kwa Majengo ya Umma na ya Biashara ni mpango ambao, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi nane na ziara tatu za mafunzo katika nchi za baridi, ambako niliteseka kwa niaba yenu, umelenga kupima kila jengo linatumia umeme kiasi gani, kisha kulipatia daraja, kuanzia A la wenye adabu hadi G la wafujaji. Hakuna aliyethubutu. Mimi nimethubutu! (Makofi kutoka meza kuu.)

Benki ile ya njia panda, yenye viyoyozi kumi na vinne na taa mpaka kwenye ngazi, imepata F. Aibu! (Meneja wa benki anatazama viatu vyake.) Hoteli yenye lifti, G. Lakini zahanati hii ya vyumba vinne, wananchi, mita yake imesoma sifuri. Siyo moja, siyo nusu, sifuri, daraja A! Asilimia mia moja ya umeme ambao ungetumika haukutumika! (Kicheko upande wa akina mama.)

(Muuguzi mkuu anasimama: "Samahani mheshimiwa, hiyo mita haina waya.")

Mama, waya ni suala la kitaalamu, na tusiwaingilie wataalamu katika mchakato wao.

("Friji ya chanjo tuliletewa, huu mwaka wa tatu naweka humo mafaili. Chanjo naifuata hospitali kuu na kikasha cha barafu, saa mbili njiani. Juzi barafu iliyeyuka, nikatupa dozi arobaini. Hawa akina mama wamerudi leo mara ya pili, na leo pia sina cha kuwapa.")

Pole sana, na hongera. Hongera, kwa kuwa friji inayotunza mafaili bila kula umeme ndiyo ubunifu tunaouhubiri, nami naelekeza iingizwe kwenye ripoti kama mfano wa kuigwa. (Katibu anaandika.) Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndiyo maana mimi mpango huu nimeuzungusha nchi nzima. (Kicheko kirefu. Msemaji anapunga mkono.)

Sasa habari njema. Kwa mujibu wa mwongozo, ambao niliuandika mwenyewe, jengo la daraja A haliongezewi umeme, lisije likaharibika tabia. Kwa hiyo zahanati hii, iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya kuunganishiwa umeme mwezi ujao, nimeifuta leo asubuhi kwa mkono wangu huu.

(Muuguzi mkuu: "Umetufuta? Miaka mitatu ya barua, baba, umetufuta?")

Nimewapandisha, mama. Njoo upokee cheti. (Anapokea. Mpiga picha anamwomba atabasamu. Hatabasamu.) Na sasa, wananchi, nikisema nishati, semeni sifuri! Nishati! (Meza kuu: "Sifuri!") Taa! (Meza kuu, baada ya kutazamana: "Sifuri!")

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wataalamu wetu sitini na wanne, ambao tutawaajiri bajeti ikiruhusu. Namshukuru dereva wangu, aliyezipima benki na hoteli kwa kuhesabu taa akiwa barabarani. Namshukuru mwenye duka la picha, aliyebuni cheti hiki na mhuri wake, kwa kuwa sheria yenyewe ya vyeti haijaandikwa, wala mpango haujapelekwa popote kupitishwa. Namshukuru fundi wa stoo, aliyetuazima mita leo asubuhi. Fundi, ifungue taratibu usibandue rangi ya watu, saa nane inatakiwa shuleni. Na wewe mama, hicho cheti nirudishie. Tunacho hicho kimoja tu.

(Muuguzi mkuu anamrudishia: "Chukua. Na jina letu kwenye orodha ya umeme, nalo utalirudisha?")

(Jenereta inaishiwa mafuta. Midomo ya mheshimiwa inaendelea kucheza, lakini hakuna anayesikia jibu. Fundi anaondoka na mita. Akina mama wanawafunga watoto mgongoni, tayari kwa safari ya kurudi.)