Tume ya Kulainisha Majina ya Wageni

Ifahamike kwa wananchi wote, kuanzia Quionga mpaka Mbau, kwamba gesi imepatikana chini ya bahari, wageni kutoka Irlanda wako njiani, na kuanzia leo ni marufuku kumwita mgeni yeyote kwa jina lake.

Tangazo hilo lilisomwa sokoni na Senhor Bernardino, mwenyekiti wa Tume ya Kulainisha Majina ya Wageni. Tume ilikuwa imeyatafuna majina hayo wiki nzima kama mhogo mbichi. Kulikuwa na Tadhg. Kulikuwa na Diarmuid. Mkubwa wao, mwanamke mwenye kuamua kambi ya gesi ijengwe wapi, alikuwa Caoimhe. Fábio, mkalimani, alieleza kwamba hutamkwa Kwiva. Bernardino alizikagua herufi zake, akaona nyingi zimekaa tu, hazina kazi. Hakushangaa. Idarani kwake ndivyo ilivyokuwa.

Lililomkosesha usingizi ni kambi. Alikwisha kuwaahidi wageni shamba la minazi la marehemu mama mkwe wake, akisema halina mwenyewe, kwa tamaa ya kupewa umeneja wa kambi. Mkewe Chamima, aliyelirithi, alikataa katakata, na tangu hapo Bernardino alikuwa akila wali bila mchuzi.

Basi alifurahi mno Chamima alipomwambia kwa upole kwamba ana jina laini la kumpa yule mkubwa wa wageni.

"Aitwe Zuleica."

"Jina la mama yako?"

"Si mnatafuta majina, baba? Mimi natoa bure."

Tume ikapitisha kwa kauli moja.

Siku ya sherehe Bernardino alipanga viti mwenyewe, chake ubavuni mwa mgeni, karibu na kamba wa nazi. Tadhg akawa Mussagy. Diarmuid akawa Carimo, akajipigia makofi. Fábio alipotangaza Zuleica, Chamima akainuka na ukoo mzima, akamfunga mgeni leso, akambusu mkono na kulia machozi ya kweli.

"Mama amerudi," akasema.

Pwani hii, ukimpa mtu jina la marehemu wako, umempa na watu wake. Awa, shangazi yake Chamima, ndiye aliyemkumbusha mwenyekiti.

"We mkwe, unakaa bega kwa bega na mama mkweo? Haya umeziacha wapi?"

Bernardino ni mtoto wa bara, na kwao adabu ya ukwe ni kali zaidi. Akavua viatu, akarudi nyuma, akaketi chini, macho mchangani. Kamba wakampita. Habari ya umeneja ikamkwama kooni, kwani mkwe haanzi maneno.

Mgeni akataka kueleweshwa. Fábio akamweleza yote: jina, binti, minazi. Yule mama akaacha kula.

"Huyu mkwe ndiye aliyesema shamba langu halina mwenyewe?"

"Ndiye."

Mgeni akasema kambi itajengwa kwingine. Kisha akauliza mkwe wa huku humfanyia nini mama mkwe wake.

"Humlimia," Chamima akajibu.

Jumatatu mwenyekiti alionekana minazini, suruali ya suti imekunjwa magotini, jembe mkononi. Wapita njia walimsalimu, wakamuuliza yule mama wa gesi anaitwa nani. Hakuthubutu kujibu. Jina la mama mkwe halitamkwi na mkwe. Wilaya nzima ilikuwa na jina laini la kumwita mgeni, isipokuwa yeye.

Akaegemea jembe, akatazama kama kuna askari karibu, akaanza polepole: "Ka... o... i..."