Telekomande ya Mama Ornella

Jeudi, tarehe 3 mwezi wa tatu

Ornella wangu anasoma iniversite ya Kisangani. Biopolitiki! Humu Bunia wengi hawawezi hata kuitamka. Mimi najua: ni vile serikali inachunga mwili ya watu, inapima, inachanja, mpaka mambo yake inageuka desturi. Siku mingi hajafika nyumbani. Anasema anatafuta desturi ya namna hiyo ya kuchunguza kwa masomo yake. Jirani Pétronille ananiuliza kama kitabu inafunga mutu miguu. Mutoto wake Christian anatoka kule muji ya Kilo kila dimanche, na kuku mukononi!

Desturi? Nitamupa.

Dimanche, tarehe 6

Nilisimama ku mulango ya kanisa na telekomande ya televizyo. Nikaielekeza ku paji la uso la kila mama wa korali, sawa vile walitupima wakati ya Ebola. Mwenye joto haimbe! Walicheka, lakini mustari ulijipanga wenyewe. Alphonsine, mumoja wao, akauliza kama joto yake imepanda. Nikasema kidogo. Akarudi nyumbani kulala! Pétronille akasema yeye hapimwe na kitu ya kubadilisha shene ya televizyo. Kisha nikamuona mu mustari.

Nikamupigia Ornella simu. Desturi iko! Na barabara ya Komanda, ya kutoka kwake, imetulia, hakuna vita. Mwezi ujao nani anajua? Anakuja!

Mercredi, tarehe 16

Nilichinja kuku. Nilifua shuka. Akafika, amekonda, na miwani! Nikalia. Kisha akaniambia polepole kwamba profesa anakataza kuchunguza mama yako ao kulala kwake. Atalala kwa nani? Kwa Pétronille!

Samedi, tarehe 19

Namusikia Ornella anacheka kwa jirani, nyuma ya ukuta ya lupango. Nilipeleka sombe, majani ya muhogo. Nikapeleka chumvi ya sombe. Nikapeleka kifuniko. Pétronille akauliza: Mama Ornella, weye umebakiza nini tena kule? Anamuambia mutoto eti desturi ile ilianza na nyanya yake yeye Pétronille. Na mutoto anaandika!

Dimanche, tarehe 20

Ku kanisa Ornella alipanga mustari, nyuma ya wamama wote. Zamu yake ilipofika, nikaweka telekomande chini. Nikamugusa paji na kiganja, sawa zamani. Akafunga macho. Nikasema uko moto, huwezi kusafiri. Akasema, mama, gari inangoja.

Lundi, tarehe 21

Ameenda.

Sasa nimeelewa kosa: desturi ilikuwa yangu. Ingine itaanzia kwa Pétronille, na Ornella atalala kwangu. Asubuhi nimemupelekea Pétronille ile telekomande, zawadi.

Shuka nimeshafua.