Kahawa Iliyopoa Maktabani

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeanza mafunzo ya wanaotafuta kazi hapa mtaani Ashrafiyya, Amman. Wanafunzi kumi na wanane. Mwenye mkongojo ni mimi tu. Mwalimu wetu Rawand, binti wa miaka ishirini na sita, ametaka kila mtu aandike lengo lake. Langu: kuwa msaidizi katika maktaba ya mtaa, nafasi iliyotangazwa juzi, ili nisihamie Doha. Mwanangu Rabih ameapa: mwezi ukiisha sina kazi, anatuma tiketi nikaishi kwake. Nimeshafungasha mara moja maishani, tulipohama Nablus, nikiwa na miaka kumi. Inatosha.

Rawand akasema, "Ami, lengo lazima lipimike." Nikaongeza: kutoka kitandani kwangu hadi maktabani, hatua mia tatu na arobaini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Eti wasifu uwe ukurasa mmoja! Wangu una kumi na tisa, na hapo miaka ya tisini nimeibana. Nimesahihisha gazeti miaka thelathini na mmoja, mpaka lilipofungwa. Hayo nayakunja vipi? Rawand akasema msimamizi wa maktaba hana muda. Nikamjibu kuwa mtu wa maktaba asiye na muda wa kusoma anahitaji msaidizi upesi.

Akatukataza pia kupeleka watu wa kutuombea kazi. Watoto wa siku hizi! Na mkataba wake mwenyewe unaisha mwezi huu. Maskini.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata njia. Wazee saba, majoho, kama tunakwenda kuposa. Kahawa ikiletwa, msemaji wetu, kama ilivyo desturi ya posa, anaweka kikombe chini: hatunywi mpaka ombi likubaliwe. Nani katika Amman nzima atavumilia kahawa ya mgeni ipoe mbele yake?

Tatizo ni msemaji. Sauti nzito na joho safi anavyo jirani yangu Abu Khaldun, mkaguzi wa mabasi mstaafu, mwizi wa kete za dama. Akanicheka: "Ukiioa maktaba, mahari utatoa nini, miwani?" Alikubali kwa sharti kwamba nitangaze mkahawani kuwa mwezi wa Ramadhani alinifunga dama kwa haki. Nimetangaza. Uongo mtupu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu.

Usaili wangu maktabani ulikuwa saa nne. Tulifika saa tatu na nusu, watu wanane, baada ya ngazi sabini na mbili. Msimamizi, Bi Nuwwar, hakushtuka. Akaagiza kahawa. Abu Khaldun akaweka kikombe chini, akatoa sauti ya kituo cha mabasi: "Binti wa watu wema, hatugusi kahawa yako mpaka huyu mzee wetu apate kazi."

Bi Nuwwar naye akaweka chake chini! Akasema ana ombi lake: tumwache amhoji mzee peke yake, kama wengine.

Hakuna aliyejua cha kufanya. Mwenyeji akiweka chake, inakuwaje? Tukatazamana dakika ishirini. Kisha Abu Khaldun, aliyemalizwa na ngazi, akanyanyua kikombe akakigugumia chote. "Nisameheni, jamaa, koo limekauka." Ombi likafia hapo. Wengine wakanywa. Wawili wakaomba kuongezewa!

Tulipobaki wawili, Bi Nuwwar aliniuliza ningefanya nini wiki ya kwanza. Nilijiandaa kuomba. Sikujiandaa kujibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Bi Nuwwar amepiga simu mwenyewe. Kazi kapata Rawand! Ukurasa mmoja, akawahi dakika kumi, akaja peke yake. Mimi nimewekewa kiti dirishani, nikasome siku yoyote.

Rawand naye akapiga, analia. Alikuwa ameshaomba kabla sijaandika lengo langu, akashindwa kuniambia. Nikamwambia asilie, anastahili. Nilimaanisha.

Kisha nikavuta sanduku kutoka uvunguni. Nikaweka shati moja. Nikalitoa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Lakini subiri! Rawand akihamia maktabani, nani atafundisha wanaotafuta kazi? Nafasi ipo wazi! Na nani anajua kutafuta kazi kuliko mimi? Rabih alipopiga nimemwambia niko hatua ya mwisho.

Wasifu umefika kurasa ishirini na mbili. Safari hii nachukua wazee kumi na wanne. Abu Khaldun atakunywa maji kwanza.