Mlima wa Siku ya Nane

Jumatatu, 25 Mei

Leo ndiyo leo! Saa tatu asubuhi tumeingia Ufaransa. Watu watatu, gari moja la kulala, baiskeli moja.

Gari ni la baba mkwe, Mzee Oebele. Ana miaka themanini na sita, macho hayamruhusu tena kushika usukani, na amechoka kusikia wakwe zake tukiligombea. Mkwe wa kwanza ni mimi, Gerlof. Wa pili ni Tjibbe, mwanyumba wangu: yeye kaoa dada mtu, mimi nimeoa mdogo mtu. Uamuzi wa Mzee ni huu. Tunavuka Ufaransa nzima hadi mpaka wa Hispania, kwa zamu, mmoja kwenye baiskeli, mwenzake akimwendesha Mzee. Atakayepandisha baiskeli kwenye keria ya gari, kile chuma cha nyuma cha kubebea baiskeli, siku ya zamu yake, basi gari kalikosa.

Nalitaka gari hili, jamani! Tangu nistaafu kazi ya kukagua mifereji, nyumbani hapakaliki. Uzio nimeupaka rangi mara tatu. Mke wangu Baukje ananiomba nitoke hata kama sina pa kwenda. Na Tjibbe je? Anataka kuliegesha bustanini kwake, ang'oe magurudumu, liwe chumba cha mkewe cha kushonea. Kushonea! Gari lililofika Ureno!

Mkataba nimeuandika mimi. Tarehe za witiri, yaani 25, 27, 29 na kuendelea, ni zangu. Za shufwa ni za Tjibbe. Yeye alitaka tuseme tu leo wewe, kesho mimi. Nikamwambia hayo ni makubaliano ya chekechea, watu wazima huandika tarehe. Akatia sahihi.

Siri yangu: msimu wote wa baridi nimelala na ramani. Huko mbele kuna mlima mmoja mbaya, kilomita kumi na tisa za kupanda tu. Unafika siku ya nane. Nikahesabu kwa vidole: mimi, yeye, mimi, yeye... kidole cha nane, yeye! Sisi tumezaliwa kwenye nchi bapa kama meza, kwetu mlima ni daraja la mfereji. Tjibbe atapandisha baiskeli kwenye keria kabla ya saa ya kahawa.

Leo kilomita sabini, tambarare, upepo mgongoni. Raha!

Jumanne, 26 Mei

Zamu ya Tjibbe. Asubuhi, akiwa chooni, nimemtilia makopo sita ya maharage kwenye mkoba wa baiskeli, chini ya koti la mvua. Mzigo kidogo kidogo ndio humaliza mtu.

Mimi na Mzee tukatangulia. Kusawazisha gari peke yake kulinichukua dakika arobaini. Mzee huweka yai juu ya meza. Likibingirika, hashuki mtu. Nimeweka ubao gurudumu la kushoto, nimetoa, nimeweka la kulia. Yai bado linatembea. Tjibbe akatokea, ameshafika, anapiga mluzi!

Kanishukuru mbele ya Mzee. Eti makopo aliyakuta mchana, akala na mafundi wa barabara, nao wakampa soseji ndefu na kumwonyesha njia ya mkato. Akasema Gerlof ana moyo wa mama. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Soseji yenyewe sikuonjeshwa.

Jumatano, 27 Mei

Zamu yangu. Upepo usoni. Mkataba unakataza keria ya gari, haujasema lolote kuhusu trekta. Likapita moja polepole, linavuta tela. Nikashika ukingo wa tela kwa mkono mmoja. Akili hiyo!

Tela lilikuwa la samadi. Halafu trekta likakata kulia. Nikajiambia litarudi barabarani. Halikurudi. Kilomita sita hadi uani kwa mkulima, ambaye alishuka, akanitazama, akaita mkewe aje anitazame naye. Nikawaambia bonjour, nikageuza.

Nimefika kambini mwisho kabisa. Tjibbe akasema hanisogelei, lakini atanifulia soksi kwa kutumia kijiti. Mzee kala chakula chake nje.

Alhamisi, 28 Mei

Tjibbe kwenye baiskeli, nimemshindilia bakuli tatu za supu ya njegere ili aende kwa uzito. Kaenda kilomita tisini. Eti supu imempa nguvu! Sina bahati mimi.

Saa nne kamili, kahawa. Nilitaka tuinywe tukitembea, Mzee akakataa, nikaegesha. Kikombe kimoja, biskuti moja, kisha kifuniko cha kopo: tap! Miaka thelathini na minne ya ndoa, sijapewa ya pili kwa mkono wa mzee huyu. Kila baada ya dakika moja nikawa nachungulia barabara. Akaniuliza nina upele? Nikasema sijui kukaa, Mzee, nikikaa naona kama nazeeka. Akasema marehemu mkewe, Jeltje, alikuwa hivyo hivyo, kahawa alikunywa wima. Akasema na gari likikaa hushika kutu. Ila sheria ni sheria, nisidhani ananionea huruma.

Jumamosi, 30 Mei

Jana nimepata pancha mbili. Leo Tjibbe hakupata hata moja. Siandiki zaidi, nimekasirika.

Jumapili, 31 Mei

Siku ya saba! Mvua, kilomita themanini na tano, lakini nimeimba njia nzima. Tumelala chini ya mlima wenyewe. Mkubwa! Kilele kimejificha mawinguni. Nikamwonea Tjibbe huruma, karibu nilie.

Nimempikia chapati za maji za kwetu, na nyama ndani, za kumuaga. Nikamshauri avae soksi mbili, apumue kwa pua, asione haya kabisa kuomba keria, sisi ni ndugu. Tjibbe akasema ahsante shemeji, hata wewe kula, utahitaji nguvu. Maskini, hajui asemalo.

Jumatatu, 1 Juni

Uwiii!

Nimeamka, nimekuta Tjibbe yuko kwenye kiti cha dereva, kafunga mkanda, anafuta kioo. Nikamwambia mwanyumba, acha mzaha, baiskeli ile pale. Akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikasema moja. Akauliza moja ni witiri au shufwa.

Nikakaa kwenye ngazi ya gari. Jana thelathini na moja. Leo moja. Zote zangu! Nani aliupa mwezi wa Mei siku thelathini na moja?

Nikadai mkataba una kosa. Mzee akautoa, akamwomba Tjibbe ausome kwa sauti, maana yeye haoni. Akauliza nani aliandika. Nikasema mimi. Akasema basi umeandika vizuri, mwanangu, vaa kofia.

Kilomita ya tatu nikashuka, nikaanza kusukuma. Hakuna aliyekataza kusukuma. Kilomita ya saba, nikawa naiegemea baiskeli kila hatua ya kumi. Ya kumi, nikaichukia ramani, nikamchukia aliyeichora. Kikongwe wa Kifaransa akanipita kwa miguu, na mbwa.

Kwenye kona ya kilomita ya kumi na mbili, gari limeegeshwa. Kahawa inanukia. Na keria imeshushwa! Tjibbe kaifuta hadi inang'aa. Akaniambia kwa upole kwamba hakuna aibu, mkewe atanishonea hata mapazia. Ninasema kweli: mkono wangu ulishainua baiskeli. Tairi la mbele lilishaacha ardhi. Nikaliona gari bustanini kwa Tjibbe, halina magurudumu, cherehani inalia ndani, na mimi nyumbani napaka uzio mara ya nne. Machozi yakanitoka, si jasho. Nikaishusha baiskeli.

Tjibbe akaenda vichakani kujisaidia. Mzee akapapasa kopo, akanipa biskuti. Nikangoja tap! Sikuisikia. Akanipa ya pili. Ya pili! Kisha akasimama kwa fimbo yake, akaipandisha keria kwa mikono yake miwili, akaifunga, akarudi kukaa akitazama bondeni kana kwamba hakufanya kitu.

Kilomita saba zilizobaki nimesukuma. Nimefika kileleni saa kumi na moja jioni, nikalala chali barabarani, na baiskeli juu ya kifua changu. Tjibbe kapiga picha. Nimeshinda! Yaani, sijashindwa.

Jumanne, 2 Juni

Mapumziko, kwa amri ya Mzee. Siwezi kuinama, lakini kukaa nako siwezi, nimezunguka kambi mara kumi na moja kwa kuchechemea.

Nimetumia muda vizuri. Mambo ya tarehe nimeyafuta, miezi haiaminiki. Wiki ndiyo ya kuaminika, haijawahi kubadilika. Nimeandika mkataba mpya wa kwenda hadi Hispania. Zangu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, ambayo haina malori. Za Tjibbe: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Siku nne kwa tatu! Yeye kaona ni ukarimu, katia sahihi kabla sijamaliza kusoma.

Hajaona ramani. Mlima wa mpakani ni mbaya kuliko wa jana, na tutaufikia tarehe nane. Nimehesabu kwa vidole kuanzia kesho: mimi, yeye, mimi, yeye, mimi... kidole cha sita, yeye! Safari hii hachomoki.

Mzee kanisikia nikihesabu. Kafungua kopo, kanipa biskuti mbili nifunge kwenye leso, niziweke hadi Jumatatu. Maskini baba mkwe, sasa na akili inaanza kumtoka. Nimezila hapo hapo.