Kitabu Kilichoandikiwa Nyumbani kwa Ma Celina

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Wajumbe wa Nyumba Kumi Kumi, Baba Paroko, Mchungaji, Ndugu Bwana Shamba uliyefika na baiskeli yako nzima, akina Ta wazee wetu, akina Ma mama zetu, na ninyi vijana mliopanda juu ya mfenesi bila kibali. (Makofi ya mtu mmoja, karani wa msemaji.)

Mimi Philbert Kagaruki, Mratibu wa Fikra wa Tarafa, mtu wa darasa la nane la mkoloni, ambalo mnajua lilikuwa zito kuliko chuo kikuu cha leo, nasimama mbele yenu nikiwa nimepigwa pasi pande zote, kuzindua kitabu changu kiitwacho Falsafa za Dunia Nzima kwa Mkulima wa Migomba, ambacho kufuatana na ripoti ya komiti, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, kimetekelezwa kwa asilimia mia na nne. (Watu wanaguna kwa heshima.)

Mnakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita, Azimio likiwa bado linanukia wino, niliomba mahali patulivu pa kufanyia risachi, na Ma Celina, mjane wa marehemu Protase, akanipa nyumba yake ya bati, yeye akahamia jikoni kwenye moshi, tukatafuna kahawa mbele ya wazee kwamba nitakaa mpaka kitabu kiishe, na kwetu neno lililotafuniwa kahawa halitemwi. (Ma Celina anakohoa. Ni moshi.)

Humo ndani nimesafiri, ndugu zangu, bila kufika hata hapo Kemondo bandarini. Kule Ugiriki palikuwa na mzee aliyewauliza watu maswali sokoni mpaka wakamnywesha sumu, na funzo lake kimaendeleo ni kwamba maswali yote yapitie kwa katibu. Wachina wa kale wanasema mwenye hekima hutenda kwa kutotenda, sera ambayo mimi binafsi nimeitekeleza kila siku ya shamba la kijiji. (Kicheko.) Wahindi nao wanafundisha kwamba vitu vyote tuvionavyo ni kiini macho tu, kwa hiyo, Ma Celina, hiyo nyumba unayoililia, kifalsafa, haipo.

(Ma Celina: "Kama haipo, waitu, bwana wangu, wewe unalala wapi?" Kicheko kinafika mpaka kwa Paroko.)

Tulia, mama, hiyo ni dayalektiki. Wajerumani wanakwenda mbali zaidi, wanauliza: kumiliki ni nini?

(Ma Celina: "Ni kulala ndani mvua ikinyesha.")

Karani, andika hilo, tutalitafutia Mjerumani wa kulisema.

(Mzee Bartholomayo, aliyeshika kikapu cha kahawa siku ile ya ahadi, anasimama: "Mratibu, kitabu kimekwisha au hakijaisha? Kama kimekwisha, vijana wale juu ya mfenesi wana nguvu za kubeba sanduku lako.")

Swali zuri sana, Ta Bartholomayo. Kimekwisha kwa maana ya kuzinduliwa. Kwa maana ya kuhama, bado.

(Mzee Bartholomayo: "Basi kilete tukione. Kahawa tulitafunia kitabu. Kama hakuna kitabu, tulitafuna bure, na nyumba ni ya mwenyewe." Wazee wanatikisa vichwa kukubali. Ma Celina haonekani tena pale alipokaa.)

Kukiona ni suala la kiufundi, ndugu zangu, na muda wetu umekwisha, kwa hiyo kwa haya machache niliyokusudia yawe mengi, tuseme wote: Fikra ni Jembe. (Watu: "Jembe.") Jembe ni Fikra. (Watu wanatazama upande wa nyumba.) Namshukuru karani aliyenichongea penseli kumi na mbili, zote bado zina ncha. Nalishukuru duka la ushirika kwa marobota mawili ya karatasi, ambayo naona Ma Celina amekwisha kuyatoa nje pamoja na godoro langu, na ambayo mwananchi yeyote aliye karibu anaweza kuyafungua, akapekua moja baada ya moja, akathibitisha kwamba ni safi pande zote mbili.