Maharage Yaliyokataa Kuota

Jumatatu, 27 Juni 1955
Upepo, vumbi, baridi. Yunisi anaota meno, kwa hiyo sikulala. Walimu wa Kinyangiri na shule za jirani tumeanza mafunzo ya majuma mawili: muhtasari mpya wa hesabu na maarifa ya viumbe. Mkufunzi ni kijana wa chuoni, Bwana Mughwai, suruali imenyooka kama rula. Anasema kuimbisha watoto basi. Sasa waone kwa macho, washike kwa mikono. Mwishoni atachagua kati yangu na Mwalimu Kefa nani afundishe masomo hayo darasa la nne. Atakayebaki ni wa watoto wadogo, na nikibaki mimi nitaongezewa na kushona. Nimeshona vya kutosha! Darasa la nne ni langu. Kefa hajaambiwa tu.

Kazi ya kwanza: kila mwalimu apande maharage, mbegu za mfuko mmoja, makopo matatu. Mkufunzi akaanza kueleza, Yunisi akaanza kulia. Nikatoka kumnyonyesha. Niliporudi, maelezo yamekwisha. Nikamwuliza Kefa. Akasema ni kupanda tu, mama Yunisi, kwani kupanda hujui? Najua. Nimepanga makopo dirishani, nimeyanywesha yote sawasawa. Mama hapendelei.

Jumatano, 29 Juni
Hesabu kwa kokoto. Kefa kanung'unika kwamba hayo ni mambo ya wachunga mbuzi, yeye alifundishwa kwa fimbo na yu hai. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, mkufunzi anione niko upande wake. Akaniona. Akaniita mbele nigawe kokoto ishirini mafungu manne. Hesabu ikagoma. Kokoto moja ilikuwa kinywani mwa Yunisi, mgongoni kwangu. Nikaingiza kidole kuitoa, akaniuma. Jino! Jino lenyewe, jeupe kama punje ya mchele! Nikamwonyesha mkufunzi. Alilitazama kwa adabu.

Jumamosi, 2 Julai
Makopo yangu ni udongo mtupu. Nimefukua haragwe moja. Limelala vilevile nilivyolilaza. Nikalifunika tena, nikaliomba radhi. Kefa kapita na salamu ndefu, kisha habari: yake yameinua vichwa. Kayaweka jikoni kwa mkewe, Marietha, karibu na mafiga. Nikampongeza. Meno yaliniuma kwa kumpongeza.

Jumatano, 6 Julai
Bado. Keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe anaotesha mtama chini ya gunia lililoloa, kimea cha togwa. Miche mizuri ajabu! Nikampa shikamoo ya pili kwa siku moja, nikaomba konzi moja kwa kazi ya serikali. Akauliza serikali imeanza lini kunywa togwa. Nikasema hainywi, mama, inatazama tu. Akanipa, huku akinitazama mimi.

Nimepanda makopo yote matatu na kuyaanika juani. Kijani ni kijani. Mtu wa chuoni analima lini?

Ijumaa, 8 Julai
Tuliweka makopo mezani. Meza nzima ilikuwa shamba. Nilitegemea mkufunzi afurahi. Akashika kichwa. Akauliza katika kila matatu, ni lipi lililonyimwa maji. Akarudia maelezo ya siku ya kwanza, ndipo nikajua! Kopo moja lilikuwa la maji na mwanga, la pili la maji na giza, la tatu lisipewe hata tone. Nikamtazama Kefa. Kefa akatazama dari.

Akaanza na yeye. Kefa akaonyesha kopo, akaapa halijaonja maji tangu lizaliwe. Mkufunzi akachovya kidole, kikatoka na tope. Hapo Kefa akasema kwa uchungu kabisa kwamba mwalimu wa umri wake hawezi kusimama mbele ya watoto na kopo lililoshindwa. Walimu wote wakaguna kumwunga mkono.

"Hilo lililoshindwa ndilo somo, Mwalimu Kefa," mkufunzi akasema.

Kisha akaja kwangu. Akainama. Akavuta jani.

"Mwalimu Damari, haya ni maharage?"

"Yalikusudiwa, bwana."

Kicheko kikafika barabarani. Kefa alilazimika kukaa chini. Nami nikachoka, nikasema yote: mbegu zilezile, maji yaleyale, ya Kefa jikoni yameota, yangu dirishani penye baridi yamekataa, nikaona haya nikaazima mtama. Mkufunzi akaacha kucheka. Akaniambia nirudie hapo pa baridi. Nikarudia. Akaandika ubaoni: JE, MBEGU INAHITAJI JOTO? Akasema katika chumba kizima ni mimi tu niliyeleta swali, ingawa nimelileta limevaa nguo za mtu mwingine. Darasa la nne langu! Kefa kapewa wadogo, na kokoto zao. Nilimpa mkono. Wa kulia, kama Mkristo.

Jumapili, 10 Julai
Ibada nzuri. Togwa nzuri, ingawa mama mkwe anasema imepungua, na anajua ilikopungukia. Yunisi kalala mchana kutwa, nami pembeni yake. Sina ninalotaka zaidi.

Somo langu la kwanza ni yai hadi kifaranga. Mkufunzi atakuja kulikagua mwezi ujao. Akanisihi: watoto waone kinachotokea, hata kisipotokea. Nimekubali kwa moyo wote. Ukweli ndio elimu. Tetea ameshaatamia nyuma ya darasa.

Ila yule tetea ana hasira, anaweza kususa. Nimemwomba jirani yangu Cecilia aniwekee vifaranga watatu, pembeni tu, kwa usalama. Cecilia anasema wa kuku hana, ana wa bata.

Wakiwa wadogo, nani atajua?