Mishipa Isidanganywe

Wizara ilitangaza, kwa vipaza sauti na kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mshipa wa raia utakaodanganywa tena.

Bibi alilisikia tangazo hilo akiwa wodini, amemshika mkono mumewe, kinyozi mstaafu. Mshipa wa moyo wa mzee ulikuwa umeziba. Daktari alitaka kuutanua kwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kilichopakwa utando laini ili mwili usikikatae na damu isigande juu yake. Sasa, kwa tangazo hilo, stenti zote zenye utando zilikuwa zimezuiliwa.

Bibi akafunga safari hadi kwa mkurugenzi wa wizara.

"Karibu, mama," mkurugenzi akasema, akamvutia kiti kwa mikono yake mwenyewe. Bibi aliuona wema huo. "Suala ni la kimaadili. Chuma kinajipaka utando, kinaingia kwenye damu kikijifanya ndugu. Kisera, mgeni hujitambulisha. Kamati imeelekeza utando ukwanguliwe."

"Mwanangu, mzee wangu hali yake mbaya."

"Pole sana. Lakini angalau mshipa wake ni mkweli."

"Na wewe mbona umejipaka mafuta usoni?"

"Haya yana kibali, mama."

Hapo mkurugenzi akajishika kifua, jasho likamtiririka. Bibi ndiye aliyeita watu, na ndiye aliyempakata kichwa garini mpaka hospitali.

Akalazwa kitanda kilicho jirani na cha mzee. Daktari akamletea stenti iliyokwanguliwa, kweli tupu.

"Hiyo itanigandisha damu," mkurugenzi akanong'ona. "Nipe yenye utando."

"Imezuiliwa, mheshimiwa. Na kamati yako."

Kamati ikaitwa mbiombio, ikaketi kuzunguka kitanda. Utando ukaruhusiwa. Ila mwili wa kiongozi, ikasema, si wa kufanyia majaribio. Aanze mwananchi wa kawaida. Kinyozi akasukumwa kwenda kutibiwa saa ileile.

Kesho yake mzee alikuwa ameketi, anakunywa chai na kuzikosoa ndevu za daktari. Kamati ilimtazama, ikaridhika mno. Ikapitisha kwa kauli moja kwamba aangaliwe miezi sita kabla ya kumhatarisha mkurugenzi.

"Jamani, na mimi je?"

"Wewe tunakulinda, mheshimiwa," mwenyekiti akamjibu, akitafuta kofia yake.

Bibi akamwekea mkurugenzi mto vizuri, akamfuta jasho.

"Vumilia, mwanangu," akamwambia. "Mzee anaendelea vizuri sana."